Cheo Hakizuii Risiti Mbili

Siku hizi kampuni ya watu wanne ina Mkurugenzi wa Teknolojia, Msanifu Mkuu wa Mifumo na Mkuu wa Ubunifu. Yule wa nne, asiye na cheo, ndiye anayeandika programu. Nasi tunaposoma kadi zao tunaamini kuwa cheo kikubwa ni kazi nzuri. Imani hiyo inatugharimu.

Chukua kizuizi cha ushuru wa mazao kwenye barabara ya Mikumi. Lori la vitunguu linatoka Malolo, mkusanya ushuru anaingiza magunia kwenye mashine, anabonyeza. Mtandao umekata. Dereva anapiga honi, mkusanyaji anabonyeza tena. Programu mbovu itahesabu mizigo miwili, na mwisho wa mwezi kijana wa watu ataitwa ofisini kueleza fedha ambazo hazikuwahi kulipwa. Programu nzuri huupa kila muamala namba yake kabla haujatumwa, ikautunza ndani ya mashine hadi mtandao urudi. Hata utumwe mara tatu, utahesabiwa mara moja. Aliyelifikiria hilo mapema ndiye mtaalamu, hata kama jana alikuwa mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo.

Serikalini ngazi zinajulikana: Afisa TEHAMA Daraja la II, Daraja la I, Mwandamizi, halafu Mkuu. Siwalaumu wanaozipanda. Mshahara umefungwa humo humo, na mkwe naye anataka kusikia jina la maana. Lakini miaka kumi kazini yaweza kuwa mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi.

Mwaka 1991 Linus Torvalds alikuwa mwanafunzi tu wa Chuo Kikuu cha Helsinki alipoitoa Linux. Leo kiini chake kimo ndani ya kila simu ya Android, hata ya bodaboda anayevizia abiria wa SGR pale Kilosa. Hakuna aliyemuuliza daraja lake.

Kwa hiyo, waajiri, wekeni wasifu pembeni kwanza. Mpeni mwombaji programu iliyoharibika, mkae naye saa mbili, mwone anaanza kuuliza nini. Na wadhamini wake wasiwe mabosi watupu. Awemo angalau mkusanya ushuru au karani mmoja aliyeitumia kazi yake siku ambayo mtandao haukuwepo.