Kuruhusiwa Si Kupona

Uko usemi upendwao na watu wenye afya, kwamba sumu iliyoliwa ikishatoka tumboni, maradhi yamekwisha. Ni rahisi kuukumbuka na mtamu kuusikia, na kwa urahisi na utamu wake umepita katika vinywa vingi bila ya kuulizwa hati. Husemwa na jirani, husemwa na mwajiri, na mara nyingine husemwa na tabibu ambaye elimu yake ingemtaka aseme kwa hadhari zaidi. Makala haya yanaupinga. Yanadai kwamba katika maradhi yatokanayo na sumu ya samaki wa miamba usemi huo ni uongo. Kwamba uongo huo huwadhuru kwa mara ya pili watu ambao samaki amekwisha wadhuru mara ya kwanza. Na kwamba chanzo chake kikubwa ni uzito wa masikio ya wenye kusikiliza.

Maradhi yanayokusudiwa huitwa sigwatera. Mwanzo wake ni kiumbe cha chembe moja, kisichoonekana ila kwa hadubini, kikaacho juu ya mwani na matumbawe yaliyokufa katika bahari za joto. Profesa Takeshi Yasumoto wa Japani na wenzake walikitambua mwaka 1977 katika visiwa vya Gambier, Polinesia ya Kifaransa, na jina lake la kitaalamu, Gambierdiscus, limechukuliwa huko. Samaki wadogo hula mwani pamoja na kiumbe hicho. Samaki wakubwa huwala wadogo. Na sumu huzidi kila ipandapo daraja, hata ikafika katika nyama ya mkunga, chewa na mzia. Samaki mwenyewe haonyeshi alama yo yote. Macho yake ni maangavu, nyama yake imara, harufu yake njema, na ladha yake ni ile ile. Moto wa jiko hauivunji sumu hiyo, wala barafu, wala chumvi, wala moshi. Na kiasi chake ni kidogo kupita fikira: kwa aina ipatikanayo katika Pasifiki, mamlaka ya chakula ya Marekani imeweka mpaka wa mikrogramu 0.01 katika kilo moja ya samaki.

Mlaji huanza kutapika na kuhara baada ya saa chache. Mambo hayo aghalabu hukoma kwa siku moja au mbili tatu, na hapo ndipo usemi ule hutamkwa kwa furaha. Lakini sumu imekwisha fika katika mishipa ya fahamu. Huko huishika milango midogo ipitishayo chembe za sodiamu, ikaiacha wazi wakati ambao ilipasa kufungwa, na mishipa ikawa yapeleka habari ambazo hakuna aliyezituma. Midomo na vidole hufa ganzi. Meno huhisiwa kama yaliyolegea. Ngozi huwasha usiku kucha. Viungo huuma, uchovu huja kabla ya kazi, na maji ya baridi yakigusa mkono huchoma. Kwa wengi hayo hudumu siku kadhaa au majuma. Kwa wengine miezi. Na kwa baadhi yao miaka. Hata yule adhaniaye kwamba amevuka huweza kurudishwa nyuma na kipande cha samaki asiye na sumu, au kileo, au kahawa, au njugu, au kazi ngumu ya siku moja.

Hiyo si habari mpya. Mwezi wa Julai 1774 merikebu Resolution ya nahodha James Cook ilikuwa Malekula, katika visiwa viitwavyo leo Vanuatu, na maofisa kadhaa wakala samaki waliovuliwa hapo. Cook aliandika juu ya maumivu makali ya kichwa na mifupa, joto lililounguza ngozi, na ganzi ya viungo. Aliandika pia kwamba nguruwe aliyekula samaki hao alikufa, na mbwa akamfuata, na kwamba ilipita juma moja au siku kumi kabla ya mabwana wale wote kupona. Katika habari hiyo hamna neno la kuwatilia shaka. Walisadikiwa kwa kuwa walikuwa maofisa, na kwa kuwa nguruwe alikufa akiwa shahidi wao. Basi mvuvi asiye na cheo wala nguruwe asadikiwe kwa lipi?

Wapinzani hujibu kwamba asadikiwe kwa vipimo. Jibu hili lina sura ya elimu, na kwa hivyo lastahili kuchunguzwa kwa adabu. Mpaka leo hospitali hazina kipimo cha kawaida kiwezacho kuithibitisha sumu hii katika damu ya mgonjwa. Tabibu hutambua maradhi kwa kuuliza: mtu alikula samaki gani, lini, pamoja na nani, na anahisi nini. Kwa maneno mengine, ushahidi wa siku ya kwanza ni maneno ya mgonjwa, na tabibu huupokea. Ni sheria gani ya mantiki inayomruhusu kuyapokea maneno hayo siku ya kwanza na kuyakataa siku ya mia, ilhali msemaji ni yule yule na mwili ni ule ule? Muundo wa sumu hii ulijulikana mwaka 1989. Kama kitu kisichopimika hakipo, basi samaki wa kabla ya mwaka huo hawakuwa na sumu, na wote waliotaabika kwa kuwala walikuwa wakijichekesha.

Jambo moja lapasa kukaziwa macho na kila mwanafunzi wa lugha, kwani ni la lugha kabla ya kuwa la tiba. Kwa miaka mingi vitabu vya uganga wa kisasa viliandika kwamba mgonjwa wa sigwatera hugeuziwa hisia, baridi ikawa moto na moto ukawa baridi. Mwaka 1993 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwapima wagonjwa kwa uangalifu. Ilionekana kwamba wagonjwa hutambua vema kuwa baridi ni baridi na joto ni joto. Lililozidi ni kwamba baridi huwajia pamoja na maumivu ya kuunguza. Mwaka 2012 uchunguzi uliofanywa kwa panya ulionyesha njia za mishipa ambazo sumu hiyo huziamsha, hata ubaridi mdogo ukawa uchungu mkubwa. Mgonjwa, basi, alikuwa amesema kwamba maji baridi yanamchoma. Mwandishi wa kitabu alisikia kwamba maji baridi ni moto. La kwanza ni habari ya maumivu. La pili ni habari ya akili iliyopotea. Kwa tafsiri mbaya ya sentensi fupi, shahidi aligeuzwa kuwa mtu aliyechanganyikiwa, na kosa hilo likanakiliwa kitabu hata kitabu. Kipimo hakikukosekana hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuuliza swali la pili.

Hoja nyingine ya wapinzani ni kwamba mgonjwa wa muda mrefu amejawa na hofu, na hofu hiyo ndiyo maradhi yake. Katika hoja hii mna chembe ya kweli, na kuikana si uungwana. Mtu asiyelala kwa kuwashwa, asiyeweza kufanya kazi yake, na asiyesadikiwa nyumbani kwake, huenda akahuzunika, na huzuni ina uzito wake mwilini. Ni kweli pia kwamba si kila maumivu ya mtu aliyekula samaki yametokana na samaki. Tabibu mwema hutafuta sababu nyingine asije akaacha maradhi mengine yakue. Lakini kutoka hapo mpaka kusema kwamba yote ni hofu ni kuruka mto bila ya daraja. Huzuni iliyozaliwa na maradhi haiwezi kuwa mama wa maradhi hayo.

Wengine huonya kwamba kumsadiki mgonjwa ni kufungua mlango kwa wauza dawa za uongo. Historia ya sigwatera yashuhudia kinyume. Mwaka 1988 ilitangazwa kutoka visiwa vya Marshall kwamba wagonjwa waliotiwa mishipani dawa iitwayo manitoli walipata nafuu ya ajabu. Tumaini likaenea. Mwaka 2002 yakachapishwa matokeo ya jaribio lililofanywa Rarotonga, ambamo wagonjwa walipewa ama manitoli ama maji ya chumvi, na wao wala matabibu wao hawakujua nani amepata nini. Manitoli haikuonekana kuyashinda maji ya chumvi. Dawa ilipandishwa kwa maneno ya wagonjwa, na kwa maneno ya wagonjwa ikateremshwa. Kusikiliza kwa utaratibu ndiyo kinga ya udanganyifu. Afukuzwaye mlangoni kwa tabibu ndiye aendaye kununua chupa isiyo na jina, kwa kuwa muuzaji wa chupa walau alimkaribisha kiti.

Na ifikiriwe hali ya huyo afukuzwaye. Mvuvi wa kisiwani huingiza mikono katika maji na barafu kila alfajiri. Maji na barafu sasa ni adui zake. Mpishi hushika samaki asiyethubutu kuonja. Mgeni aketiye penye sinia hukataa kitoweo, na mwenyeji hudhani amedharauliwa. Akila kwa haya, usiku humlipiza. Asipokula, huitwa mwenye maringo. Methali humjia kama kejeli: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Watu husahau kwamba methali hiyo husema habari ya mtu ambaye kweli aliumwa. Yafaa waikumbuke ile nyingine, kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Na iko methali ya tatu ambayo katika jambo hili lazima ipingwe waziwazi: mgonjwa haulizwi uji. Katika kumhurumia ni neno jema. Katika kumtibu ni neno la hatari. Mgonjwa huyu lazima aulizwe uji, na aulizwe samaki, na kahawa, na maji ya kuoga, na usingizi, na aulizwe tena baada ya miezi sita.

Huenda msomaji wa Afrika ya Mashariki akadhani kwamba haya ni mambo ya Pasifiki, yasiyomhusu. Bahari haina ukuta. Sigwatera inajulikana Morisi na Reunion, katika Bahari ya Hindi hii hii. Mwezi wa Novemba 1993, huko Manakara, pwani ya mashariki ya Madagaska, nyama ya papa mmoja iliwaugua zaidi ya watu mia, na makumi yao wakafa. Karibu zaidi, katika kisiwa cha Pemba, watu saba walikufa Novemba 2021 kwa kula nyama ya kasa. Na Machi 2024 wakafa tisa katika kisiwa cha Panza, wanane wao watoto, na wengine 78 wakalazwa. Kasa si samaki, na sumu yake ni nyingine. Lakini desturi ya kusimulia ni moja: habari huhesabu waliokufa, huhesabu waliolazwa, kisha hufungwa. Aliyetoka kitandani akaenda nyumbani hana safu katika hesabu hiyo.

Hapa ndipo Kiswahili kina la kusema. Watu wa bahari wametangulia wataalamu mara nyingi katika kuyapa maradhi majina. Neno sigwatera limetokana na cigua, konokono wa baharini wa Kuba aliyedhaniwa kuwa na sumu. Na katika Kaledonia Mpya watu huyaita maradhi haya kwa neno la Kifaransa lenye maana ya kujikuna, yaani waliyaita kwa lile liwasumbualo. Wavuvi wa Uswahilini nao wamemjua bunju na sumu yake bila ya kungoja maabara. Lugha hii inayo maneno matatu ambayo hospitali huyachanganya kuwa moja: kuruhusiwa, kupata nafuu, na kupona. Kuruhusiwa ni tendo la hospitali. Tabibu huweza kulitia sahihi. Kupata nafuu ni hali ya mwili iliyo njiani. Kupona ni mwisho wa njia, na anayeujua mwisho huo ni mwenye mwili. Anayeandika kwamba mtu amepona, ilhali alilojua ni kwamba ameruhusiwa, ameandika neno ambalo hana ushahidi wake. Mwanafunzi akifanya hivyo katika insha husahihishwa kwa wino mwekundu.

Linalotakiwa si kubwa. Daftari la wagonjwa na liwe na safu ya pili, itakayojazwa baada ya mwezi mmoja na baada ya miezi sita. Maneno ya mgonjwa na yaandikwe kama alivyoyasema, kabla ya kufasiriwa. Mwenye kukosa kipimo na aseme kwamba amekosa kipimo, asiseme kwamba maradhi hayapo. Dawa ya kuifuta sumu hii haijapatikana. Yako matibabu ya kupunguza maumivu, na iko mashauri ya chakula cha kuepuka, na hayo hayamfikii mtu aliyekwisha kuambiwa kwamba hana kitu. Bahari itaendelea kulisha watu, na mara chache itawalisha sumu. Hilo si kosa la mtu ye yote. Kumwambia aliyelishwa sumu kwamba maumivu yake yalikwisha siku alipotoka hospitali ni kosa la mtu, na wenye kulitenda wanajulikana.