Mitambo ya Malipo Ijue Kufunga, Si Kufungua Tu

Saa tano usiku. Mtoto ana homa na wewe uko kwa kemisti. Dawa ni shilingi 650. Unaweka namba ya till, unaweka PIN, unabonyeza. Simu inakuambia ombi lako linashughulikiwa. Muuzaji anaangalia simu yake, hakuna ujumbe. Wewe unaangalia salio, pesa imetoka. Mnabaki mkitazamana, na hiyo pesa ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Hapo hakuna mwongo. Inawezekana programu iliyoshika malipo yako ilizimwa ikiwa katikati ya kazi, ili toleo jipya lichukue nafasi yake. Ilishaandika kwamba pesa imetoka kwako, lakini haikupata nafasi ya kumjulisha mwenye duka. Sisi tunaamini jambo kama hili halifai kumpata mteja kwa sababu tu kampuni inabadilisha mitambo. Na kuna njia ya kulizuia.

Kontena ni nini, na kwa nini huzimwa?

Siku hizi programu ya malipo haikai kwenye kompyuta moja kubwa. Hugawanywa vipande, na kila kipande hufungwa ndani ya kontena pamoja na vitu vyote kinavyohitaji ili kifanye kazi. Jina lenyewe linafanana na kontena za bandari ya Mombasa: winchi haijali kama ndani kuna mitumba au majani chai, inabeba tu. Kontena za programu nazo huendeshwa kwenye wingu, yaani kwenye kompyuta za kukodisha, na mara nyingi nyapara wao ni mfumo unaoitwa Kubernetes. Google iliutoa mwaka 2014, na leo yeyote anaweza kuutumia bila kulipia leseni.

Nyapara huyu huwasha na kuzima kontena kila wakati. Toleo jipya likija, za zamani zinazimwa. Wateja wakipungua usiku, baadhi zinazimwa. Kompyuta moja ikihitaji kurekebishwa, kontena zake zinazimwa na nyingine zinawashwa kwingine. Kwa hivyo kuzimwa si ajali. Ni kazi ya kila siku, na kazi ya kila siku lazima iwe na utaratibu.

Maagizo mawili: ya kufungua na ya kufunga

Mfikirie wakala wa pale mtaani kwenu. Asubuhi akifungua kibanda, kwanza anahesabu floti. Jioni hashushi tu mlango. Anamwambia mtu asiongezeke kwa laini, anamaliza waliobaki, anaandika kitabu, ndipo anafunga.

Kubernetes inawapa wahandisi nafasi ya kuacha maagizo kama hayo. Agizo la postStart hutekelezwa mara tu kontena inapoundwa. Agizo la preStop hutekelezwa kabla kontena haijazimwa.

La kufungua lina mtego wake. Hakuna hakikisho kwamba postStart itamaliza kabla programu yenyewe haijaanza kazi. Vyote viwili huenda pamoja. Kwa hivyo lisitumiwe kama bango la "tuko wazi". Kuna ukaguzi tofauti wa kuuliza kontena kama kweli iko tayari, na mteja asipelekwe huko kabla ukaguzi huo haujapita.

La kufunga ndilo linalotugusa zaidi sisi watu wa pesa. Utaratibu ni huu: nyapara anatekeleza preStop, kisha anaitumia programu ishara ya kuiambia imalize, na muda ukiisha anaizima kwa nguvu. Muda huo, kama hakuna aliyeubadilisha, ni sekunde 30. Saa huanza kuhesabu kabla preStop haijaanza, si baada yake. PreStop ikila sekunde 25, programu imebakiwa na 5 za kumaliza malipo yako.

Kuna jambo lingine ambalo huwapata wengi. Wakati kontena inaambiwa ifunge, wanaoelekeza wateja wanaweza kuwa bado hawajapata habari. Ni kama makanga ambaye hajaambiwa kuwa gari haliendi tena, bado anaita abiria. Ndiyo maana wahandisi wengi huweka preStop ya kungoja sekunde chache tu, ili habari ifike kote kabla programu haijaanza kufunga.

Msimamo wetu

Sekunde 30 ni kipimo cha kuanzia kwa programu yoyote ile, iwe ya picha au ya habari za michezo. Aliyeziweka hakujua wewe unatuma karo. Kampuni inayobeba pesa za watu inapaswa kupima malipo yake ya polepole kabisa huchukua muda gani, kisha ipange muda wa kufunga kulingana na hapo. Ikiacha sekunde 30 bila kupima, basi haijaamua chochote. Inabahatisha na pesa ya mteja.

Tunajua jibu la upande wa pili. Muda ukiongezwa, kubadilisha toleo kunachelewa, na kontena iliyokwama inaweza kukalia nafasi bure. Ni kweli, na ndiyo maana hatusemi muda usiwe na mwisho. Lakini mhandisi akingoja dakika kumi zaidi hakuna anayelala njaa. Yule wa kwa kemisti hana dakika kumi.

Na hapa tujikosoe. Sisi wa masoko ndio huandika ule ujumbe: "Mpendwa mteja, tutakuwa na matengenezo kuanzia saa sita usiku hadi saa kumi alfajiri." Kuna kazi kubwa ambazo kweli zinahitaji kusimamisha huduma. Lakini kubadilisha toleo dogo la programu hakuhitaji, kama kontena za zamani zinamaliza kazi yake na mpya ziko tayari kupokea. Tukituma ujumbe huo kila mara, tunamwambia mteja akubali mzigo ambao ni wetu. Halafu tunasema ni usiku, watu wamelala. Nani amelala? Muuguzi wa zamu ya usiku yuko macho. Dereva wa lori yuko njiani kwenda Malaba. Mama mboga ameamka saa tisa ili awahi Marikiti, na sukuma wiki hainunuliwi kwa maneno matupu.

PreStop si hirizi

Tusiahidi kupita kiasi. Kompyuta ikizimika ghafla, au programu ikianguka yenyewe, preStop haipati nafasi ya kufanya kazi. Kwa hivyo lazima pia kuwe na kitabu: kila ombi la malipo liwe na namba yake, na kila hatua iandikwe inapofanyika. Kontena nyingine ikichukua kazi, inasoma ilikoishia. Ombi lenye namba ileile likifika mara mbili, lihesabiwe mara moja.

Hata maagizo yenyewe yanahitaji uangalifu huo. Kubernetes inaweza kutekeleza agizo moja zaidi ya mara moja, kwa hivyo kazi ya kufunga lazima iwe ile ambayo ikirudiwa haileti hasara.

Wewe ufanye nini pesa ikikwama?

Kwanza, usirudie haraka. Ukianza upya na kuweka PIN tena, mitambo inaweza kuliona hilo kama ombi jipya lenye namba mpya, na ukalipa mara mbili. Angalia salio na orodha ya miamala yako kwanza.

Pili, andika saa, kiasi na namba ya till. Kama ujumbe wenye namba ya muamala ulifika, usiufute.

Tatu, piga simu huduma kwa wateja na uulize swali hili: "Ombi langu liliishia hatua gani?" Usiridhike na "sistimu iko chini". Kampuni iliyoandika kitabu chake vizuri inaweza kukujibu. Na katika mazungumzo hayo, usimpe mtu yeyote PIN yako.

Ukiwa ndiwe mwenye duka, angalia ujumbe kwenye simu yako mwenyewe, si ule unaoonyeshwa na mteja. Lakini pia usimwite mteja mwizi kabla hamjauliza.

Kemisti hafungi mlango wakati mteja ameshatoa pesa na dawa bado iko kwa kaunta. Anampa dawa yake kwanza, kisha anafunga. Mitambo yetu nayo ipangwe hivyo, na ikishindwa, tuulizeni.