Tusimnyoe Farasi Mwili Mzima

Ndugu zetu mfugao farasi wa kazi kandokando ya Sydney, baridi ya huku ni Juni hadi Agosti, miezi ile ile ya kipupwe cha kwetu. Lakini huku farasi huota manyoya mazito. Akifanya kazi hulowa jasho, manyoya hayakauki upesi, na jioni baridi humwingia.

Wengine humnyoa mwili mzima. Kwa maoni yangu hilo halimfai farasi alalaye nje, maana atataka blanketi usiku na mchana. Yatosha kumnyoa chini ya shingo, kifuani na tumboni, ambako jasho huzidi. Manyoya ya mgongoni na miguuni yaachwe: ya juu humkinga na mvua, ya chini na matope.

Farasi hawezi kuomba nguo; mwenyewe ndiye wa kumfikiria.