MAMA NA FEDHA ZA NYUMBANI: Fedha Iliyokwisha Kulipiwa Kodi



Mwezi huu tunawageukia akina mama wenzetu wanaoishi Marekani, hasa wajane. Marehemu mume alikuwa akijiwekea akiba ya uzeeni katika akaunti iitwayo IRA. Sasa mama anataka kutoa kiasi, apate ada ya mtoto. Je, atatozwa kodi kwa fedha yote anayotoa?

Inategemea fedha hiyo iliingiaje. Kwa kawaida anayeweka akiba katika IRA hupunguziwa kodi mwaka ule anapoweka, na serikali huidai siku ya kutoa. Lakini mtu mwenye mpango wa pensheni kazini, ambaye mshahara wake umepita kiwango, hakatazwi kuweka. Ila nafuu ile haipati. Sheria imeruhusu jambo hili tangu 1987. Fedha ya namna hiyo imekwisha kulipiwa kodi, basi ikitoka haitozwi mara ya pili. Faida iliyozaliwa nayo ndiyo hutozwa.

Hapo wengine husema, "Basi nitoe kwanza ile iliyolipiwa kodi, nyingine ikae." Haiwezekani, dada. Idara ya kodi huhesabu kila kitu pamoja. Ukishachanganya unga wa mahindi na wa mtama, kila kibaba unachochota kina vyote viwili.

Tuchukue mfano. Marehemu aliweka dola 12,000 bila nafuu ya kodi. Mwaka huu mjane ametoa 10,000, na tarehe 31 Desemba zimebaki 50,000. Jumla ni 60,000, na zile 12,000 ni sehemu moja ya tano. Kwa hiyo katika 10,000 alizotoa, 2,000 hazina kodi, na 8,000 zitahesabiwa kuwa mapato yake. Kwa miaka ijayo amebakiwa na 10,000 zilizolipiwa kodi. Aziandike!

Jambo jingine, nalo ni zito kwa mjane kijana. Anayetoa fedha kabla ya kufikisha miaka 59 na nusu kwa kawaida huongezewa asilimia 10 juu ya sehemu inayotozwa kodi. Mama wa miaka 45 akikubali haraka kuihamishia akaunti kwenye jina lake iwe yake kabisa, adhabu hiyo humpata: katika mfano wetu ni dola 800. Akiiacha kama akaunti ya urithi, adhabu hiyo haimgusi, ingawa kodi ya kawaida iko palepale. Kwa hiyo usitie sahihi yoyote katika wiki za msiba. Ulizia kwanza.

Sasa, nani anajua kwamba zile 12,000 zilikwisha kulipiwa kodi? Si benki. Mara nyingi karatasi yake ya mwisho wa mwaka huonyesha fedha yote uliyotoa kana kwamba inatozwa. Ushahidi uko katika fomu namba 8606, ambayo marehemu alipaswa kuipeleka pamoja na hesabu zake za kodi kila mwaka alipoweka fedha ya namna hiyo. Waume wengi huweka karatasi hizi mahali wanapopajua wao tu, na sisi tukisafisha nyumba baada ya arobaini tunazitupa pamoja na magazeti. Bila ushahidi huo, mjane hulipa kodi ile ile iliyokwisha kulipwa na mumewe.

Fomu isipoonekana, usikate tamaa. Iombe benki nakala za fomu 5498, zinazoonyesha kiasi kilichowekwa kila mwaka, uzilinganishe na hesabu za kodi za miaka ile: mwaka ambao fedha iliwekwa na nafuu haikudaiwa, hiyo ndiyo fedha unayoitafuta. Fomu 8606 inaweza kupelekwa hata kwa kuchelewa. Faini yake ni dola 50, na mwenye sababu ya kuridhisha anaweza kusamehewa. Na wewe ambaye mumeo yu hai, mwulize jioni hii faili lake liko wapi.