Maji Yakimwagika Yazoleka, Ila kwa Masharti

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Sayansi imeitia methali hii majaribuni. Maji yaliyokwisha kupita jikoni, bafuni na hata chooni yaweza kuzolewa, yakasafishwa na kurudishwa bombani yakiwa salama kwa kunywa. Swali lililobaki si la wahandisi peke yao: je, wakazi wa Thika na Ruiru watakubali kuyanywa?

Swali hili haliko mbali kama linavyodhaniwa. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 490,120 mjini Ruiru na 251,407 mjini Thika. Bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994 kwenye Mto Thika, hulisha Nairobi. Nalo la Karimenu II lilizinduliwa mwaka 2022 kwa ajili ya Ruiru, Juja na Gatundu. Mabwawa yote hayo hungojea mvua, na mvua haina mkataba na mtu.

Watakaoona kinyaa wasidharauliwe, bali waelezwe. Mto Ruiru huishia katika Athi, ambao ukikaribia bahari huitwa Sabaki. Kando ya Sabaki kuna visima vya Baricho, vinavyopeleka maji Malindi na Mombasa. Kwa hiyo maji tuliyokwisha kuyatumia sisi wa bara ni sehemu ya mto unaowanywesha ndugu zetu wa pwani, wala hakuna aliyewaomba ridhaa.

Mji wa Windhoek, nchini Namibia, umekuwa ukirejesha maji yaliyotumika katika mabomba ya kunywa tangu mwaka 1968. Huko maji ya viwandani hayachanganywi na ya majumbani yanayokusudiwa kurejeshwa. Hilo ndilo somo la kwanza kwa Thika, mji wa viwanda. Kromu itumikayo kusindika ngozi na rangi za nguo si sawa na uchafu wa jikoni. Anayetaka tuyanywe maji hayo hana budi kwanza atuonyeshe mabomba mawili yaliyotengana, na kiwanda kinachokiuka sheria kichukuliwe hatua hadharani.

Somo la pili ni la lugha. Mwaka 2006 wapiga kura wa mji wa Toowoomba, Australia, waliukataa mradi wa namna hii kwa zaidi ya asilimia 60, ingawa ukame uliwabana. Wapinzani walikwisha kuwapa watu picha ya choo, na picha hiyo ikashinda hoja za wataalamu. Singapore, kwa upande wake, iliyapa maji hayo jina jipya. Aidha, mwaka 2003 ilifungua kituo ambamo wanafunzi na wazazi walijionea wenyewe jinsi yanavyosafishwa.

Kwetu, neno "majitaka" hutoa hukumu kabla ya ushahidi kusikilizwa. Na tuyaite "maji rejeshi" yakishasafishwa na kupimwa. Yasipopimwa yabaki majitaka, kwa maana jina zuri lisilo na ukweli ni chokaa juu ya ukuta uliooza. Matokeo ya vipimo yabandikwe sokoni na shuleni kila mwezi, kwa Kiswahili na Kikuyu, si kufungiwa ofisini kwa Kiingereza cha kitaalamu. Kifungu cha 43 cha Katiba ya mwaka 2010 kinatupa haki ya maji safi, salama na ya kutosha. Raia hawezi kuidai haki iliyoandikwa kwa lugha asiyoielewa.

Hapa ndipo walimu na wanafunzi wanapohitajika. Mwalimu wa sayansi afundishe jinsi mkaa maalumu na gesi ya ozoni zinavyosafisha maji. Mwenzake wa Kiswahili aandae mdahalo juu ya maji rejeshi, na wanaopinga wapewe muda sawa na wanaounga mkono. Mtoto aliyeelewa atawaeleza wazazi wake jioni, naye atasikilizwa kuliko tangazo lolote la redioni.

Ridhaa ya umma haipatikani siku ya kukata utepe. Hutafutwa miaka mingi kabla, kwa maneno ya kweli na milango iliyo wazi. Tukianza leo, huenda wajukuu wetu wakaongeza kipande kwenye methali ya wahenga: maji yakimwagika hayazoleki, ila na watu walioaminiana.