Sahani Nzuri Zitoke Kabatini

Mwaka 1938 Louis na Mary Leakey walichimba pango kando ya Mto Njoro, karibu na Nakuru, wakakuta wafugaji wa kale, wa miaka kama 3,000 iliyopita, wamezikwa pamoja na mabakuli ya mawe. Chombo cha mtu kilithaminiwa. Siku hizi nyumba nyingi za hapa zimefungia sahani nzuri kwenye kabati la vioo zikimngoja mchungaji au wakwe, huku watoto wanakula kwa melamini iliyopauka na kujaa mikwaruzo. Silikubali hilo hata kidogo. Ugali na sukuma wiki yenye mchuzi vinataka sahani yenye kina na ukingo, mchuzi usimwagikie mapajani. Nunua nyeupe za kauri, zisizo na maua, zinazouzwa moja moja. Ikivunjika moja, utapata nyingine ya kufanana nayo. Hizo hizo zitamfaa mgeni. Siku ya sherehe ongeza bakuli pana la kupakulia, hotipoti, jagi na beseni la kunawia, na kwa jamii za Wakalenjin, kibuyu cha mursik, yaani maziwa ya mgando. Na melamini utakayobaki nayo isiingie kwenye maikrowevu.