Neno la Mhariri: Msikilizaji Naye Ana Wimbo Wake

Toleo hili tumewaachia wasikilizaji. Ndani yake hamna mahojiano na mwanamuziki yeyote, wala orodha ya nyimbo bora za mwaka. Tuliwauliza watu wa Butembo, Beni, Lubero, Musienene, Kirumba na Kasindi, huku mashariki mwa Congo, swali moja: katika nyimbo zote ulizozisikia maishani, upi unaupenda kuliko zote, na unakuhusu vipi? Majibu yao ndiyo mtakayoyasoma kuanzia ukurasa unaofuata.

Tulipotangaza mpango huu, baadhi ya marafiki wa jarida hawakupendezwa. Walituuliza kama tumesahau tunaishi wapi. Tangu Oktoba 2014 watu wa Beni wanauawa kwa mapanga na bunduki, na mauaji hayo yameshuka mpaka Lubero. Kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020 Ebola ilitutesa sisi na jirani zetu wa Ituri: wagonjwa 3,470, vifo 2,287. Mwishoni mwa Juni 2024 waasi wa M23 waliingia Kanyabayonga, na barabara ya kupanda Lubero ikajaa watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Katika hali kama hiyo, wakasema, kuwauliza watu habari za nyimbo ni anasa.

Pingamizi hilo tulilichukua kwa uzito, na jibu lake ndilo hoja yetu. Kwa zaidi ya miaka 10 habari zetu zinaandikwa kwa hesabu: wangapi wamekufa, nyumba ngapi zimechomwa, familia ngapi zimekimbia. Hesabu hizo ni za lazima. Bila hizo hakuna msaada unaokuja na hakuna kesi inayosimama. Lakini hesabu haisemi kwamba marehemu alikuwa mtu wa kuongeza sauti ya redio kila gitaa la rumba lilipoanza, wala kwamba wanawe walimcheka kwa jinsi alivyocheza akiwa amekaa. Muulize mtu wimbo wake, naye kabla hajamaliza kuutaja atakwambia ni nani alikuwa naye, nyumba ilikuwa wapi, ni nani hayupo tena. Ndiyo maana tunasema wimbo anaoupenda mtu ni sehemu ya historia ya nchi hii, na kwamba historia hiyo isipoandikwa sasa, itaondoka na wenyewe.

Anayetaka kuliona jambo hili kwa macho aende akae nusu saa kwenye kibanda cha mmoja wa vijana wanaoingiza nyimbo kwenye simu pale Butembo. Ana kompyuta kuukuu, spika mbili, na waya wa umeme unaotoka kwa jirani. Mteja anampa kadi ya memori na pesa kidogo. Kijana anayajua mafaili yake, lakini wateja wake wengi hawajui majina ya nyimbo. Siku niliyokaa pale alikuja mama mmoja, mwuza mboga, akaomba "ule wa kilio cha dada yangu". Kijana hakushangaa. Akamwomba aimbe kidogo. Mama akaangalia huku na huku, akajifunika mdomo kwa ncha ya kitenge, akaimba kwa sauti ya chini kipande cha katikati, kwa Kilingala ambacho mwenyewe alikiri hakielewi chote. Kijana akafungua wimbo mmoja, sivyo. Wa pili, sivyo. Wa tatu ulipoanza tu mama akainua mkono. Ulikuwa "Mokolo nakokufa" wa Tabu Ley Rochereau, wimbo wa miaka ya 1960 unaowaza siku ya kufa.

Kijana akaniambia kwamba hivyo ndivyo anavyoombwa nyimbo kila siku: wimbo wa mwaka lori lilipoanguka, wimbo wa harusi ya fulani, wimbo aliokuwa akiupiga jirani kabla hajahama. Tabu Ley alikufa Ubelgiji mwaka 2013 bila kujua kwamba kuna mwuza mboga wa Butembo aliyeupa wimbo wake jina jingine. Jina la Tabu Ley ni la haki, maana kazi ni yake. Na jina la mama yule ni la haki pia, maana kilio ni chake.

Hapa ndipo tunapotofautiana na wanaodhani kuzungumzia muziki ni kuzungumzia wanamuziki peke yao. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiingiza rumba ya Congo katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Kinshasa na Brazzaville kwa pamoja. Tulifurahi kama Wakongo wote. Lakini rumba ingebaki muziki wa miji miwili inayotazamana mtoni kama kusingekuwa na watu wa mbali walioipokea, na sisi ni katika hao wa mbali. Kinshasa wengi wetu hatujafika. Kampala tunafika kwa basi. Kwa hiyo rumba ilitujia kwa njia mbili: hewani kwa redio, na kwa kanda zilizopitia Kasindi, mpakani na Uganda, ndani ya mizigo ya wafanyabiashara, pamoja na vitenge na sabuni. Ndivyo tulivyompata Samba Mapangala, mtoto wa Matadi aliyekwenda Nairobi na kuipa bendi yake jina la volkano zetu, Virunga. Mkongo anaimba Kiswahili Nairobi, sauti yake inavuka mpaka kama bidhaa kutoka nje, na mtu wa Lubero anaipokea kama ya kwao. Katika barua tulizopokea hakuna hata mmoja aliyeona ajabu katika safari hiyo.

Wapo wanaotusihi tuache nyimbo za Kilingala na za redio, tuhifadhi za mababu tu. Nia yao ni njema, na katika toleo hili wazee wamezungumzia nyimbo za Kinande za kulima, za kubembeleza mtoto na za kumsindikiza bibi harusi. Ila historia ya kuhifadhi nyimbo za mababu ina funzo ambalo tusiliruke. Mwaka 1935 na 1936 msafara wa Armand Denis, Mbelgiji, na Leila Roosevelt, Mmarekani, ulipita mashariki mwa Congo na kurekodi muziki. Miongoni mwa waliorekodiwa ni Wapere, watu wa msitu wa magharibi mwa wilaya yetu ya Lubero, ambao sekta ya Bapere imechukua jina lao. Sahani za muziki huo zikauzwa Marekani, na kwenye orodha yake tunasoma jina la kabila na jina la ala: baragumu za Wapere, marimba ya Wapere. Mwaka 1952 mtafiti wa muziki Hugh Tracey naye alipita pembezoni mwa msitu wa Ituri na kurekodi, kati ya wengine, Wanande. Mwaka huo huo, huko Jadotville ambayo leo ni Likasi, alimrekodi Mwenda Jean-Bosco akipiga "Masanga", wimbo uliofundisha gitaa nusu ya Afrika Mashariki. Kazi ya Tracey imehifadhiwa Afrika ya Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954.

Tunawashukuru waliobeba mashine zao nzito mpaka huku. Bila wao sauti zile zisingekuwepo. Lakini ukisikiliza baragumu za Wapere leo, swali linakujia lenyewe: ni nani aliyekuwa amesimama pembeni siku ile, moyo wake ukienda mbio kwa sababu baragumu hizo zilimkumbusha jambo lake? Alikuwa mama wa kijana aliyekuwa akitoka jandoni? Alikuwa mzee aliyezipiga ujanani? Sahani haina jibu. Ala imebaki, mtu ametoweka. Sisi wenyewe tunaweza kurudia kosa hilo kwa nia njema kabisa, tukirekodi nyimbo za wazee na kuondoka bila kuwauliza upi wanaupenda na kwa nini.

Mhariri anayewauliza wengine naye anapaswa kujibu. Wimbo wangu ni "Kifo" wa Remmy Ongala. Remmy alizaliwa Maniema, Kindu, mwaka 1947, akahamia Dar es Salaam mwaka 1978, akapata jina kubwa na bendi ya Super Matimila, akafariki tarehe 13 Desemba 2010. Huko Sinza kituo cha daladala kinaitwa Kwa Remmy hadi leo. Papa yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na mkristo mkali, asiyependa muziki wa baa. Huo mmoja aliukubali. Alisema Remmy anakiambia kifo mambo ambayo wahubiri wanayasema, ila Remmy anayasema gitaa likicheza, na mtu anayesikia anacheza na kutubu kwa wakati mmoja. Jumapili baada ya ibada aliuweka, akakunja mikono ya shati, akakaa kimya mpaka uishe.

Papa alikufa wakati wa Ebola. Ugonjwa wake ulikuwa wa moyo, lakini siku hizo kila maiti ilizikwa kwa masharti yale yale. Hatukumwosha. Hatukumgusa. Walikuja watu waliovaa mavazi meupe tangu kichwani hadi miguuni, wakambeba, wakamzika, nasi tukisimama mbali. Usiku hapakuwa na kilio kama tunavyokijua, hapakuwa na korali ya kuimba mpaka alfajiri, hapakuwa na majirani wa kukoka moto uani. Mdogo wangu akaweka simu juu ya meza, akatafuta "Kifo", akaupiga. Tuliusikiliza mara moja, wote nyumbani, hakuna aliyesema neno. Wimbo ule ulifanya kazi ya korali, ya majirani na ya usiku mzima wa kilio. Tangu siku hiyo, anayeniuliza muziki una faida gani katika nchi yenye shida hizi, namjibu kwa habari hiyo.

Kuna nyimbo ambazo wasomaji wetu wanazipenda kwa tahadhari. Barua nyingi kutoka Beni zimemtaja Delphin Katembo Vinywasiki, ambaye wote tulimjua kama Delcat Idengo. Aliimba kwa Kiswahili cha barabarani, akawakemea wakubwa kwa majina kuhusu mauaji ya watu wetu, na gereza alilijua zaidi ya mara moja. M23 ilipoiteka Goma mwishoni mwa Januari 2025 alikuwa amefungwa katika gereza la Munzenze. Milango ya gereza ilifunguka, akatoka, na tarehe 13 Februari aliuawa kwa risasi katika mji huo huo. Dereva mmoja wa pikipiki anatuandikia kwamba alijifunza kusema ukweli mbele ya kizuizi cha barabarani kwa kuimba Idengo kimoyomoyo kwanza. Mwingine anasema hampendi Idengo kwa matusi yake, ila hawezi kuzima redio akisikia sauti ile. Tumezichapa barua zote mbili. Waliotuomba tufiche majina tumeyaficha, na tunaomba msiwatafute.

Methali inasema kipenda roho hula nyama mbichi. Katika uchaguzi wa barua tumeifuata. Hatukumwuliza mtu kama wimbo wake una mafunzo, kama una heshima, au kama mpiga gitaa wake anajua kazi. Mwanamke mmoja wa Kirumba anaupenda "Mario" wa Franco, wimbo wa mwaka 1985 kuhusu kijana anayelishwa na mwanamke aliyemzidi umri. Mama yake aliupiga kila asubuhi akipanga mitumba, hadi siku alipopata nguvu ya kumwondoa nyumbani mwanamume wa namna hiyo. Fundi wa cherehani aliyekimbia kutoka Kanyabayonga anaupenda wimbo wa kusifu wa korali ya kanisa lao, ingawa wanakorali wake wametawanyika Lubero, Butembo na hata Uganda, na hajui kama wataimba tena pamoja. Mwanafunzi wa Butembo anaupenda "Yope" wa Innoss'B, kijana wa Goma, kwa sababu mwaka 2019, Ebola ikiwa bado mjini na shule zikiwa na hofu, wimbo ule ulimfanya acheze na dada zake watatu ndani ya chumba kimoja, mlango umefungwa. Nyimbo hizi hazina undugu wa mtindo wala wa lugha. Zimekutana hapa kwa sababu watu waliozishika wanaishi kwenye barabara moja, ile inayotoka Kanyabayonga kwenda Beni.

Tunataka kazi hii iendelee. Kuanzia toleo lijalo jarida litakuwa na ukurasa wa kudumu kwa nyimbo za wasomaji, na tunaomba shule, parokia na redio za hapa kwetu zitusaidie kukusanya. Mwalimu anaweza kuwatuma wanafunzi wake wakamwulize kila mmoja bibi au babu yake. Waandike mambo manne: wimbo wenyewe, hata kama hauna jina, mahali uliposikika mara ya kwanza, watu waliokuwepo, na kinachotokea moyoni ukisikika leo. Kama wimbo ni wa Kinande, uandikwe kwa Kinande. Kama mzee anaukumbuka nusu, iandikwe nusu hiyo. Na yule aliyesema swali letu ni anasa tunamwomba naye atuandikie, kwa sababu tunajua anao wimbo wake, na tunataka jina la aliyeusikiliza pamoja naye liingie katika historia ya Lubero.